Yaya, Balimwaga Vyura Yako

Yaya Amisi, kaka yangu,

Ni mi, mudogo wako Riziki. Acha nianze na ile inaniuma. Siku ya matanga yako, bamama ba jirani balitafuta beseni za kuoshea masahani, sawa vile banafanyaka kila matanga. Balipita nyuma ya nyumba, balikuta zako za kufugia vyura. "Ee, mvua imetujazia vyura humu!" Balimwaga yote. Mi nilikuwa ndani nimeshika miguu yako. Ulikuwa umeenda Mboko tu kurekebisha site ya internet ya korali, balikupiga risasi njiani. Nani angewaza vyura siku ile?

Batoto balinisaidia kutafuta ndani ya mihogo. Vyura ya baridi ya mulimani, na jua ya huku Baraka, kando ya ziwa, unaijua. Tulipata mumoja tu muzima, Patron wako, ule mwenye mbavu za chungwa. Bengine balikauka kwa muchanga.

We ulikuwaka unasema, "Rangi ya site naitoaka kwa mugongo ya Patron." Ndiyo maana ukurasa ya korali iko kijani na chungwa pembeni. Pasta alikuuliza, "Amisi, hii ni korali ao ni bwawa?" Ulicheka mpaka kompyuta ilitaka kuanguka. Ile kicheko, yaya. Nyumba iko kimya sana.

Sasa kila asubuhi naenda kule bamama banaanika ndagala, zile samaki kidogo za ziwa, nakamata nzi za Patron na kikombe. Banasema na mi kichwa imeharibika kama yako. Bacheke. Kwenye site yako ya vyura uliandika kwamba bote batarudi kwa muto ya kwao mulimani, maji ikisha kuwa safi, kabla ya kiangazi. Batu ba mbali bangali banauliza: wamerudi? Ulinifundisha kubadilisha mapicha tu. Kufuta ile maneno sijui, na kusema kweli sitaki.

Ruben alipiga simu, ule muchungaji wa ngombe aliyekuteremushia vyura ndani ya bido ya plastiki na majani mabichi. Alilia. Yeye hawezi kushuka: vijana yetu ba bunduki bakiona sura yake ya kabila ya mulimani, basi, bamemuua. Mi siwezi kupanda: ba kwao bakisikia Kibembe yangu, luga ya kwetu, basi vilevile. Alisema, "Dada, umuwekee Patron maji ya baridi." Baridi nitaitoa wapi, yaya, na hii joto ya Baraka?

Tangu jana Patron anakataa kula. Nzi inatembea juu ya kichwa yake, anaiangalia tu. Nimemuweka chini ya kitanda, nimemupepea na karatoni, nimeomba Mungu, nimemutukana. Hakuna kitu. Na vita iko karibu tena. Mama amefunga mizigo, kesho tunakimbilia Lweba, pengine tutavuka ziwa. Anasema, "Chura? Achana na chura, Riziki."

Nimechoka, yaya. Sikukulinda we, na huyu ananiishia mukononi. Nifanye nini? Ungekuwa hapa ungejua.

Pumzika, mwana wa mama. Kusema Patron atapona siwezi kukuahidi, nitakuwa nakudanganya. Ila siku ile njia itafunguka, nitapanda kwa Ruben. Hata na mikono mitupu nitapanda, nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, ile ilipata vyura.

Mudogo wako,
Riziki