Mke Mkubwa Aliyepiga Magoti

Mpendwa dada, mke mwenzangu,

Shikamoo. Nimekusalimu hivi kila asubuhi kwa miaka yote tuliyokaa pamoja, na sioni sababu ya kuacha leo, ingawa hakuna wa kuniitikia marahaba. Masika haya yanatimiza mwaka tangu tukuzike. Mwalimu wetu wa dini hapa Ifakara amenipa karatasi na kalamu ya risasi, akasema niandike lolote nizoeshe mkono. Wanawake wenzangu wanaandika Baba Yetu. Mimi nimeona nikuandikie wewe. Usiyacheke maandishi yangu. Herufi zangu zinatembea kama bata, lakini zitafika.

Nianze na siku niliyoletwa kwako. Nilikuwa msichana tu, mke wa pili wa mume wetu, ambaye Wajerumani walikuwa wamemfanya jumbe. Nilikukuta umekaa kwenye kigoda mlangoni, shanga shingoni, miguu umeinyoosha. Hukuniuliza jina. Ulisema, "Maji ya moto yako jikoni. Nioshe miguu, kisha unipake mafuta." Nikapiga magoti nikakuosha. Nilipomaliza ukaniangalia ukasema, "Vizuri. Hapa mkubwa ni mimi. Hata kuku wa nyumba hii wanajua." Nikacheka, nikidhani unatania. Hukuwa unatania.

Sitaki kukupamba, dada, maana mwenyewe hukupenda kupambwa kwa uongo. Ulikuwa na majivuno. Tangu mume wetu apewe ujumbe, hukuweka tena mtungi kichwani. Ulikwenda mtoni mikono mitupu, mimi nyuma yako nimebeba, na wanawake walitupisha njiani. Lakini hukuninyima chakula hata siku moja. Na siku niliyomzaa binti yangu Tekla, ulikaa nami tangu alfajiri mpaka jua la utosi, ukinigombeza na kunishika mkono, ukinigombeza na kunishika mkono, mpaka mtoto akalia.

Kisha zikaja habari za dawa. Watu walikuwa wamechoka kulima pamba ya serikali na kuchapwa viboko, na mume wetu ndiye aliyetumwa kuwatoa majumbani mwao. Aibu ilikuwa ikimla. Waganga walipofika bondeni na maji yao, wakisema risasi za Wajerumani zitageuka matone ya mvua, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunywa. Ulimfungia wali na samaki mkavu. Nakumbuka ulivyomwambia.

"Ukifika mbele ya bunduki, kumbuka una wake wawili."

"Nitakumbuka," akajibu, "na nitarudi mnigombanie."

Alikwenda na wenzake kuelekea Mahenge. Hakurudi. Hata mwili wake hatukuuona.

Waliokuja ni askari, pamoja na rugaruga wao, wale watu waliopewa bunduki na ruhusa ya kuteka. Tulikuwa tumejificha kwenye matete, Tekla nimembana kifuani ili asilie, tukawaona wakichoma vihenge vyetu vya mpunga. Aliyeshika kinga cha moto alikuwa rugaruga mmoja mrefu, sikio lake la kushoto limekatika nusu. Alikuwa akiimba. Mpunga wa mwaka mzima ulipasuka kama bisi, na wewe hukutoa machozi. Ulisema tu, "Mtazame vizuri yule." Nikamtazama.

Tukavuka mto kwa mtumbwi wa watu tusiowajua, tukaingia mabwawani upande wa Lupiro. Tulikula mizizi ya yungiyungi na samaki wadogo. Na huko, katika kulala kwenye mavumbi ya mahame, funza wakaniingia miguuni. Vidole vilivimba mpaka nikashindwa kukanyaga. Nikakuambia uniache, umchukue Tekla uende. Ulikuwa umekaa juu ya gogo kama ulivyokuwa ukikaa kwenye kigoda chako. Ukainuka, ukavunja mwiba wa mndimu, ukapiga magoti mbele yangu kwenye tope.

"Lete mguu."

"Dada, si vizuri. Wewe huwezi kushika miguu yangu."

"Nimesema lete mguu. Mkubwa hapa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mkubwa amesema."

Ukawatoa mmoja mmoja, unafyonza meno, unanitukana kwa uoga wangu kila nikiruka. Ilichukua siku tatu. Siku ya nne ulimfunga Tekla mgongoni mwako, ukanishika kwapa, tukaanza kupanda milima kwenda misheni, maana tulikuwa tumesikia kwamba mapadri wanagawa uji.

Uji ulikuwepo, mwepesi, na watu walikuwa wengi kuliko uji. Walikuja kutoka kila upande, wengine kutoka mbali huko Masagati, mifupa inatembea. Wengi walikuwa na miguu kama ya kwangu, au mibaya zaidi. Siku ya pili tu nilikukuta nyuma ya jiko la misheni, umeomba sufuria ya maji ya moto na chumvi, umemkalisha kikongwe mmoja, mguu wake uko mapajani mwako. Nikaona haya. Nikakunong'oneza kwamba watu wanatazama, mke wa jumbe. Ukajibu bila kuinua kichwa, "Jumbe amekufa. Miguu ipo. Nenda kachemshe maji mengine."

Hiyo ikawa kazi yako. Asubuhi hadi jioni, mwiba na maji ya chumvi, na majivu ya kufukia vidonda. Watu wakaanza kukuita Mama wa Funza. Mimi jina hilo liliniuma. Wewe ulilipokea kama ulivyokuwa ukipokea shanga.

Hukuwa umesikia bado neno lolote la dini. Ulilisikia juma moja mwalimu wa misheni alipotufundisha habari za Bwana aliyefunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu. Wewe ukanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, huyo Bwana alikuwa mkubwa kweli, au alikuwa mkubwa wa kusema tu?"

"Alikuwa mkubwa kuliko wote, mama."

"Na hakuna aliyemwambia aache?"

"Petro alimwambia. Alisema, hutaniosha miguu kamwe."

Ukageuka, ukaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Petro ndiye huyu hapa, mdogo wangu." Watu wakacheka, siku ya kwanza nasikia kicheko tangu vita. Lakini mwalimu aliendelea, akasema kwamba Bwana huyo aliwafundisha wafuasi wake kuwa anayetaka kuwa mkubwa kati yao na awe mtumishi wa wenzake. Wewe hukucheka tena. Tulipotoka uliniambia, "Nilidhani nimeshuka. Kumbe nilikuwa napanda, na sikujua."

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikiogopa kufika.

Njaa ilipokaza zaidi, waliokuwa wakiwasaidia Wajerumani nao walianza kuanguka. Asubuhi moja aliletwa mtu amebebwa kwenye machela ya miti, ametupwa njiani na wenzake kwa sababu hawezi kutembea. Miguu yake ilikuwa imeoza. Alikuwa mrefu. Sikio lake la kushoto lilikuwa nusu.

Watu walimjua kwa mavazi kwamba ni rugaruga. Wanaume wawili wakasema arudishwe njiani alikookotwa. Mimi nilikuambia kwa sauti, kila mtu asikie, "Dada, ni yeye. Muache afe." Ulimtazama lile sikio. Kisha ukageuka ukaondoka, na moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani umekataa.

Ulikuwa umekwenda kuchukua maji ya moto.

Ulirudi na sufuria, watu wakakupisha kama walivyokuwa wakikupisha njia ya mtoni. Ukapiga magoti. Yule mtu alikutazama, akaona kitu usoni mwako.

"Mama, unanijua?"

"Nakujua. Ulichoma mpunga wangu ukiimba. Nyoosha mguu."

Akaanza kulia kama mtoto, akijaribu kuuvuta mguu wake. Wewe ukaushika kwa nguvu na kuuingiza majini. Niliondoka pale. Nilikasirika kiasi kwamba sikukusalimu jioni hiyo, na asubuhi yake nilikuambia maneno ambayo ningetoa kidole changu ili niwe sikuyasema. Nilisema umemsahau mume wetu. Hukupandisha sauti. Ulinionyesha mkono wako wa kulia, ule wa kushikia mwiba. Ulikuwa unatetemeka.

"Mkono huu unatetemeka hivi tangu jana," ukasema. "Kama ningekuwa nimemsahau, ungetulia. Nimemwomba huyo Bwana wa mwalimu anisaidie kushika mwiba, basi. Hajaniondolea uchungu. Amenisaidia kushika mwiba tu."

Ulimhudumia siku ile, na kesho yake, na siku nyingi baadaye. Wiki ya pili, nilikuletea maji bila kuagizwa. Sikuweza kumgusa yule mtu. Lakini maji nilileta, na ulisema, "Asante, mdogo wangu." Tangu niolewe nilikuwa sijalisikia neno asante kinywani mwako. Hicho ndicho kilichonivunja, dada, si mahubiri.

Aliishi. Alipoteza vidole vya mguu mmoja, akabaki akilima Lupiro, na kila kiangazi alituletea samaki. Hamkuzungumza mengi. Aliweka samaki mlangoni, wewe ukasema "umefika," yeye akasema "nimefika, mama," akaondoka akichechemea.

Tuliporudi bondeni na mvua zikawa nzuri, tulilima upya, wanawake wawili na jembe moja. Ulibatizwa kabla yangu. Padri alikuuliza unataka jina la mtakatifu gani, ukamjibu, "Yeyote aliyefanya kazi." Akakuita Marta. Tekla akawa anakuita Mama Mkubwa, na ukamfundisha kuchemsha maji na kuchonga mwiba kabla hajajua kusuka ukili wa mkeka. Kiburi hakikukuisha, nisiseme uongo. Ulikuwa ukiwagombeza wagonjwa, na siku bwana mkubwa wa boma alipopita na askari wake na mmoja wao akalalamikia kidole chenye funza, ulimwambia apange foleni nyuma ya ajuza aliyetangulia. Alipanga. Na bwana mkubwa akasimama juani akimngoja. Siku hiyo nilitamani kuimba.

Homa ya masika yaliyopita ilikuchukua kwa siku tano. Mto ulikuwa umejaa, mashamba yote maji, na nilijua tutakaokuzika ni mimi, Tekla na mwalimu tu. Nilikosea. Watu walianza kufika asubuhi wakipiga makasia, mitumbwi imefuatana. Walitoka Lupiro, walitoka Mang'ula wakipita kwenye maji ya kiunoni, Wandamba, Wapogoro, na Waislamu wa upande wa sokoni pia. Wengine sikuwajua hata kwa sura. Walisimama kwenye matope, na nilipotazama chini niliona miguu ya watu wote, mizima, imekanyaga ardhi.

Baada ya maziko mwalimu alifungua kitabu cha marehemu wa kanisa. Akaandika Marta. Akaandika Ifakara. Kisha akaniuliza cheo chako, maana kitabu kina nafasi ya cheo, na kwa wengine ameandika jumbe, fundi, mkulima.

"Andika mkubwa," nikamwambia.

Akainua kalamu. "Mkubwa wa nini, mama? Lazima niandike wa nini."

Nikamwonyesha watu waliojaa uwanjani. "Waulize hao."

Aliwatazama. Kisha akainama akaandika neno hilo moja, na hakuongeza kitu.

Pumzika, dada. Tekla anakusalimu. Maji yanachemka na kuna mtu mlangoni, miguu imevimba.

Ni mimi mdogo wako,
mke mwenzako.