Judith, Nimekusingizia

Judith, rafiki yangu,

Nimepata ile daraja ya juu ya kazi yetu ya chuo tuliyoiota pamoja, na tangu siku hiyo mpaka jana sikuweza kupita mbele ya nyumba yenu. Nilizungukia njia ya sokoni kama mwizi. Wacha nikuambie mwenyewe, hata kama nimechelewa.

Unakumbuka tulivyohangaika na lile neno "variable"? Profesa alilieleza kwa Kifaransa mpaka nikasinzia. Ukanipiga kiwiko, ukasema hicho ni kigeugeu tu. Kuna kigeugeu tunachokigeuza sisi wenyewe, yaani sifa: mtoto huyu tumsifu kabla ya kazi, yule tusimsifu. Na kuna cha pili tunachokitazama tu kama kitafuata: mtoto atavumilia muda gani kufungua kamba yenye mafundo kabla ya kuitupa. Lengo letu ukalifupisha mpaka likawa swali moja: je, sifa zinamfanya mtoto avumilie? Halafu ukaninyooshea kidole: "Kintu kimoya tu njo kibadilike, we! Ingine yote ibakie vile vile." Ndiyo maana ulipanga kila shule kati ya zile mbili tuigawe nusu kwa nusu, hawa wasifiwe, wale wasisifiwe, na watoto wote tuwasemeshe Kiswahili chetu cha hapa.

Halafu homa ikakuchukua. Nikabaki na kamba zako kwenye mfuko wa plastiki.

Shule ya Bel-Air nilienda peke yangu. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye miwani, akaketi nyuma ya darasa kunisikiliza. Judith, niliona haya kusema Kiswahili mbele yake. Nikasema Kifaransa, tena kile cha kukaza shingo, na sifa zikanikwama mdomoni. Sikumsifu hata mtoto mmoja. Kule shule ya Annexe hakuna aliyenichunguza. Niliketi chini na watoto, nikawaita papa na mama kama ulivyokuwa ukiwaita wadogo zako, nikawasifu wote. Wale wa Annexe walivumilia mpaka mwalimu wao akashangaa. Wa Bel-Air waliziacha kamba upesi. Nikaandika kwamba sifa zinaleta uvumilivu, na nilifurahi kweli, mjinga mimi.

Siku ya kutetea kazi, jopo la maprofesa lilisimama kimya kwa ajili yako. Mama yako alikuwa mstari wa mbele, bado na kitenge cha msiba. Kisha profesa mmoja akauliza swali ambalo wewe ungeniuliza kabla sijatoka Bel-Air: hawa watoto walivumilia kwa sababu ya sifa, au kwa sababu walisemeshwa lugha ya nyumbani? Au ni shule tu zinazotofautiana? Nikajibu kwamba mpango wa kuwagawa watoto hivyo, shule kwa shule, ulikuwa wa marehemu, mimi nimeheshimu tu alivyotaka.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu. Siku ile kigeugeu kilikuwa mimi.

Profesa aliinamisha kichwa, akafunga karatasi zake. Nani atamkosoa marehemu mbele ya mama yake? Wakanipa daraja, watu wakapiga makofi, poda ya pongezi ikamwagika. Mama yako naye alikuwa amekuja na kopo lake. Alinipaka poda kichwani taratibu, kisha akaniinamia sikioni: "Papa, utusamehe. Mutoto wangu alikuharibishiaka kazi. Lakini hakufanyaka kwa kusudi."

Aliniomba msamaha, Judith. Mimi! Na mimi nikaenda kupiga picha na watu.

Jana baada ya misa nilimfuata mpaka nyuma ya nyumba yenu, akiwa anachambua matembele. Nikamwambia yote: Bel-Air, Annexe, mama wa miwani, mpango wako ulivyokuwa na nilivyouvuruga. Sikupata hata maneno mazuri ya kuanzia. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Aliendelea kuchambua majani, machozi yakimdondoka humo humo kwenye sahani, halafu akasema: "Ile jina ya mutoto wangu, uende uirudishe kule kwenye uliiachaka. Mbele ya bale bale bantu."

Nimeshaomba jopo linipokee kesho. Wakininyang'anya daraja, wachukue. Naogopa, sikufichi. Wakiniruhusu, nitarudi shule zote mbili, nusu kwa nusu, kwa Kiswahili, hata mkuu wa shule akiketi magotini pangu.

Pumzika, rafiki yangu, wala usinisamehe haraka. Ninakuahidi kwamba kesho sitaanza na salamu ndefu wala na udhuru. Nitamwomba mama yako akae karibu, kisha nitasema: Judith alipanga vizuri, mimi ndiye niliyeharibu.