Swichi ya Msumeno Namba Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Elburgon. Jumanne, 18 Machi 2025, saa tano asubuhi.
Jina: Levis Njuguna Ndegwa. Umri: miaka 47. Kazi: meneja wa zamu, kiwanda cha mbao. Makao: Elburgon.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, kumi na miwili kwenye msumeno na saba nikiwa meneja wa zamu. Mimi na marehemu Joyline Namalwa tulisukuma magogo pamoja kabla sijapandishwa cheo.

Mnamo tarehe 3 Februari, Jumatatu, saa mbili asubuhi, mkurugenzi wetu, Bwana Gachanja, aliniita ofisini. Alisema kila msumeno sasa utaendeshwa na mtu mmoja. Kabla ya hapo walikuwa wawili: wa mbele anasukuma gogo, wa nyuma anapokea mbao, naye ndiye yuko karibu na swichi ya kuzima. Niliuliza nani atazima mtu akinaswa. Alisema swichi zitahamishwa mbele. Niliuliza lini. Akaniambia, "Njuguna, nimekutuma uwaambie watu wakubali. Sijakutuma uniletee maswali yao."

Saa nne niliwakusanya watu wa zamu yangu, kumi na sita, kwenye uwanja wa magogo. Niliwaambia mpango huu ni mzuri na swichi zitahamishwa wiki hiyo. Hakuna mtu aliyekuwa amenitajia wiki. Niliitunga mwenyewe, maana niliona hawatakubali bila kupewa siku.

Watu walinung'unika. Namalwa aliniuliza, "Baba Shiko, wewe ungesimama hapo peke yako?"

Nilijibu kwamba ningesimama. Akawageukia wenzake, akawaambia kama ni mimi nimesema, wajaribu, kwa kuwa nimetoka kwenye msumeno kama wao. Hakuna aliyebisha tena. Kamande, aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye msumeno namba mbili, alipelekwa kupakia malori.

Swichi hazikuhamishwa. Nilimwandikia mkurugenzi tarehe 10 na tarehe 24 Februari. Hakujibu. Ningeweza kusimamisha zamu yangu, uwezo huo ninao. Sikusimamisha. Namalwa aliniuliza habari ya swichi karibu kila siku, kisha akaacha. Akawa ananisalimia tu.

Alhamisi tarehe 13 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa ofisini. Mkurugenzi alikuwa akinisifu kwamba zamu yangu imepokea mabadiliko vizuri kuliko zote. Nikasikia msumeno umebadilisha sauti. Aliyewahi kuufanyia kazi anaijua sauti hiyo. Nilikimbia.

Namalwa alikuwa ameinama juu ya meza ya msumeno namba mbili, koti lake limenaswa. Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha kuelekea swichi. Ilikuwa imebaki kama hatua mbili. Nilizima mimi. Kamande alifika kutoka kwenye malori, akamshika kichwa. Hakunifokea. Alisema, "Mimi nilikuwa hapo nje tu, boss."

Tulimweka kwenye gari kumpeleka Nakuru. Alifariki kabla hatujafika Njoro.

Ijumaa ofisi ilinipa fomu nitie sahihi. Inasema marehemu alifundishwa siku tatu kuendesha msumeno peke yake na akakiuka maagizo. Alifundishwa dakika arobaini, na aliyemfundisha ni mimi. Sikutia sahihi. Fomu hiyo nimemkabidhi koplo.

Jana, Jumatatu, saa moja asubuhi, misumeno iliwashwa. Swichi ziko palepale nyuma. Niliwapanga watu mimi mwenyewe, mmoja kwa kila msumeno. Kwenye namba mbili niliandika jina la Kamande. Alienda akasimama mbele ya meza.

Niliyoyaeleza ni niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi: L. N. Ndegwa

Yameandikwa nami, Koplo Jepkoech. Nilimweleza shahidi kwamba baadhi ya maneno yake yanaweza kumfanya ashtakiwe, nikamuuliza kama angependa kuondoa lolote. Alikataa. Aliomba aachiliwe kabla ya saa saba, akapange zamu ya mchana.