Matanga ya Koko Marie-Goreth

Mboko, 16 Julai 2023

Kwizera,

Mbele ya salamu, nikugombeze kwanza. Ulienda sauti yako ingali ya mutoto. Leo Rosette anasema uko na ndevu, na mi sijaziona. We uko mujukuu gani, asiyerudi hata kuangalia kama koko yake angali anakula? Hata kuku anajua nyumba yao jioni.

Basi, nimemaliza. Sasa nakusalimia. Uko muzima? Unakula? Na Rosette, shangazi yako mwenye alikupeleka huko Amerika, naye ni muzima? Mi niko. Magoti yananisumbua wakati wa mvua, lakini jembe linashikwa na mikono.

Mwenye kuandika ni Alphonse, katekista wetu. Unajua mi sikusoma. Naongea, yeye anaandika, halafu anapiga picha anakutumia. Kama kuna neno baya, ni langu. Kama kuna kosa, ni lake. Anacheka. Nimemuambia aandike ya kwamba anacheka.

Rosette alituambia kwa telefone ya kwamba bazee fulani bazungu ndio banakulipia université, kwa faida ya muchezo wa kupiga kampira kadogo na fimbo. Nilifurahi, nikazunguka soko nzima nikiambia kila muntu. Lakini Alphonse alikuwa ameuliza chama cha bale bazee kinaitwa nini, na Rosette akajibu loje. Nilipotaja loje, bamama ba muhogo bakanyamaza. Unajua hapa kwetu banasema nini juu ya loje: muntu hapewi mali mule mpaka atoe jina la muntu wa kwao, na ule muntu anakufa. Mama mumoja akaniuliza, "Na we, umeanza kukohoa lini?" Nilimujibu nilianza yeye hajazaliwa. Lakini siku hiyo hakuna aliyeninunulia, nilirudi na kikapu cha muhogo kingali kimejaa.

Nijibu, mutoto wangu. Bale bazee ni batu gani? Na we ulibapa nini?

Koko yako,
Marie-Goreth


20 Agosti 2023

Koko yangu,

Jambo sana. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi niko mzima, shangazi Rosette pia. Msalimie Alphonse.

Usiogope. Hawa wazee hawauzi mtu. Ni wanaume wanaoitana ndugu, wengi wameshaacha kazi: fundi wa mabomba, daktari wa meno, dereva wa basi. Wakikutana wanavaa aproni kama mpishi, wanafunga mlango, na siri yao kubwa nadhani ni kwamba wanasinzia. Kila mwaka, mwezi wa sita, wanafanya mashindano ya gofu. Mchezaji analipa ili acheze, mwenye duka analipa ili jina lake lisimame karibu na shimo, na faida yote inasomesha wanafunzi. Uwanja ni mkubwa kuliko kutoka kanisani kwenu mpaka ziwani, majani yamenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, na hakuna mbuzi hata mmoja. Wanapiga kampira, wanapanda kagari, wanakafuata, wanakapiga tena. Mzee Nicolas, mkubwa wao, alikapoteza majini, akatukana, halafu akaniomba msamaha mimi.

Jioni tunakula pamoja, na kila mwanafunzi anasema maneno machache ya shukrani. Na mimi nilisema, wakapiga makofi. Ni hayo tu. Sikuwapa kitu, Koko. Waambie hivyo watu wa soko.

Mjukuu wako,
Kwizera


Mboko, 8 Oktoba 2023

Kwizera,

Uko muzima? Mi niko muzima, na leo hiyo salamu iko na kazi yake, isome tena.

Jumanne nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Nikasikia kilio barabarani. Nikaacha mutwangio, nikafunga kikwembe kiunoni, nikakimbia, maana kilio ni kilio, muntu anaenda. Nikajitia katikati ya bamama, nikalia nabo. Tulitembea tukilia mpaka tukafika mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Nikauliza, "Lakini nani amekufa?" Vanessa, ule mwenye anachajia batu telefone, akageuka, akaniona, akaangusha beseni ya unga.

"Ni we," akasema.

Ndani ya telefone yake mulikuwa video. Ilitoka kwa muntu wa muji wa Baraka mwenye ndugu yake anaishi huko kwenu. Ni we umesimama, umevaa koti, unaongea Kiingereza. Batu balishika tu ya kwamba koko yako amekufa. Alphonse, mwenye anasikia Kiingereza kidogo, alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, hakutaka kuniambia. Nikamuambia katekista haruhusiwi kuficha. Akasema: "Anasema hivi. Koko yangu alinibeba mugongoni tukivuka mto Ruzizi, tukikimbia Burundi. Tulipofika ng'ambo ya Kongo akaniweka chini, akafa." Na bale bazee banafuta machozi.

Ni kweli nilikubeba. Ulikuwa mutoto mukubwa, muguu umevimba, vidole vyako vinaburuta ndani ya maji. Nilikuweka chini. Lakini sikufa, Kwizera. Nilienda kukuombea muhogo.

Bale bamama nilibapikia bukari ya unga yabo ya matanga. Ningefanya nini? Bengine balitoka kambi ya Lusenda kwa miguu, banalia na njaa. Tulianza hata kucheka. Halafu mumoja akasema polepole, "Basi jina alilotoa kule ni la huyu." Hakuna aliyecheka tena.

Sasa kanisani benchi yangu iko na nafasi kila upande. Nikikohoa, batu banaangaliana. Kufa siogopi, nitakufa tu. Naona haya. Nilitembea na jina lako sokoni kama kikwembe kipya, na leo sijui uso wangu niuweke wapi.

Usinitumie kitu chochote. Niambie tu, uliniua juu ya nini.

Koko yako


11 Februari 2024

Koko,

Jambo. Sijui niulize afya yako kwa mdomo gani. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaichana.

Ilikuwa hivi. Wale wazee walituomba tueleze tulichopoteza. Msichana aliyenitangulia alipoteza baba. Nilitaka kusema juu ya mama, lakini uso wake siukumbuki; mgongo ninaoukumbuka ni wako. Nikaanza kueleza mto. Nikaona macho yao. Nikajua kwamba baada ya chakula watanizunguka na kuniuliza, "Na sasa bibi yako yuko wapi? Mlizungumza lini?" Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na mwaka mzima sikuwa nimekupigia. Ilikuwa rahisi zaidi wewe ufe kuliko mimi kujibu. Hilo ndilo jibu. Nimetafuta lingine lililo zuri kuliko hilo, sikuliona.

Na mambo yamezidi. Mashindano ya mwaka huu, mzee Nicolas ameyapa jina lako. Wameshonesha kofia: mbele jina lako, nyuma "Pumzika kwa amani". Wanataka nisimame tena niongee. Nikisema kweli, masomo yanaweza kuishia hapo, na nimebakiza mwaka mmoja.

Kuna neno ninaona haya hata kuliandika. Koko, unaweza kuvumilia? Mwaka mmoja tu. Waambie watu ni Alphonse aliyetafsiri vibaya.

Mjukuu wako


Mboko, 3 Machi 2024

Kwizera,

Alphonse alisoma mpaka pale unasema ni yeye alitafsiri vibaya, akavua miwani. Anakusalimia, lakini siyo sana.

Unaniomba nife mwaka mumoja. Hapana. Mi ningali na muhogo ndani ya udongo.

Sikiliza, maana ulienda mbele ya kufundishwa desturi hizi. Kwetu batu bakishalia matanga, kunakuja siku ya kuganduka, siku ya kuondoa kilio. Jamaa na majirani banakaa, na ule mwenye alileta habari ya kifo anasimama mbele yabo, anaondoa kilio kwa kinywa kilekile. Mwingine hawezi. Nilimuomba padri atangaze kanisani ya kwamba niko muzima. Alitangaza. Batu bakasema amina, na benchi ikabaki na nafasi. Maana siyo padri alisema nimekufa. Ni we.

Anza na bale bazee. Nabo balinililia, nabo ni bafiwa bangu, na sipendi muntu amwage machozi bure juu yangu. Baambie. Masomo yakiisha, yaishe. Jembe liko.

Na unajua ni nini kilinichoma? Siyo ule uongo wa mto. Ni ule mwaka mzima wa telefone mufukoni. Haya yako ungeniletea ikiwa mbichi, tungeikula pamoja, tumekula mabaya kuliko hiyo. Mto nilikuvusha. Huu wa sasa, vuka na miguu yako.

Koko yako


23 Juni 2024

Koko,

Jambo. Kikohozi chako kikoje?

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Walicheza tangu asubuhi wamevaa kofia zako. Jina lako lilizunguka uwanja mzima likilowa jasho. Jioni niliposimama nikasema: "Bibi yangu hakufa. Yuko Mboko, analima muhogo. Nilimuua mimi, hapahapa, kwa sababu niliona haya kusema simpigii simu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Mzee Nicolas alivua kofia, akasoma maneno ya nyuma, akaiweka mezani, akatoka nje. Wengine wakamfuata. Nilibaki na viti.

Leo amekuja kwa shangazi Rosette. Hakukubali kukaa. Alisema wenzake wameamua: mimi si mwanafunzi wao tena. Nikamwambia ni haki. Halafu akashusha sanduku la kofia kutoka garini. "Hizi sisi hatuwezi kuzivaa," akasema. "Mpelekee mwenyewe." Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Kamuulize yeye kwanza."

Kazi nilikuwa nimeshapata, ya kuosha vyombo hospitalini. Nitatafuta nauli, masomo yatangoja. Shangazi anafumua ile "Pumzika kwa amani" kwa sindano, kofia moja moja, na kila akimaliza moja ananitazama.

Ukiniruhusu, nitakuja kuondoa kilio. Lakini nitafika giza likiingia, Koko, watu wasinione. Tukae wawili kwanza.

Mjukuu wako,
kama ningali mjukuu


Mboko, 14 Julai 2024

Mutoto wangu,

Uko muzima? Mikono inauma na ile sabuni? Paka mafuta ya mawese usiku. Mi niko, kikohozi kiko, tumezoeana.

"Kama ningali mjukuu." Nani alikufundisha upuuzi huo? Na kama nimekusamehe, hiyo nitakuambia uso kwa uso, siyo kwa karatasi ya Alphonse.

Muambie Rosette aache kufumua. Maneno yabaki, siku nitakufa kweli kazi itakuwa imeshafanyika. Vanessa ameshauliza kama kuna kofia nyekundu. Nimemuambia kwanza arudi kukaa karibu na mi kanisani. Jumapili iliyopita alikaa, mwisho wa benchi, nusu ya tako iko nje. Ni mwanzo.

Ule muzee Nicolas, musalimie. Muambie ninashukuru kwa machozi, na kampira kake nitakaombea.

Sasa habari ya kuja. Usifike na giza. Mwenye anafika na giza ni mwizi, na we hukuiba, ulisema uongo. Uongo ulisemwa mbele ya batu, utaondolewa mbele ya batu. Njoo siku ya soko, jua likiwa kali. Shuka ndani ya gari kule mwanzo wa soko, siyo mbele ya nyumba. Pita katikati ya bamama ba muhogo ukiniita jina langu lote, kwa sauti, mpaka mulangoni. Mi nitakuwa ndani. Sitatoka mbio, hata nikisikia unalia. We endelea kuniita mpaka soko yote inyamaze.

Halafu nitaitika.

Koko yako