Karatasi Niliyotia Sahihi Nikiwa Eda

Jumapili, 3 Agosti

Nimechambua mchele, nimefua nguo za eda, nimeswali adhuhuri. Kesho natoka. Alhamdulillahi. Nimemlilia mume wangu miezi yote hii na machozi bado yapo.

Nawaza jiko la gesti. Miaka mingi napika pale Kigoma mjini. Mwajuma, mwenye gesti, ameniwekea nafasi yangu. Eda ilipoanza alikuja mwenyewe, akakaa na mimi mkekani, akatoa karatasi. Akasema nitie sahihi kwamba naacha kazi, mambo yake ya ofisi yakae sawa, nikitoka eda narudi. Nilitia. Sikuisoma. Shoga yangu tangu madrasa, ningeisoma ya nini?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda. Jikoni nimemkuta Zuhura, mpwa wake Mwajuma, anaunga samaki, migebuka, kwa mawese. Kaniamkia vizuri. Mtoto hana kosa.

Mwajuma alikuwa kaunta. "Lakini si uliacha mwenyewe, shoga? Barua yako ninayo."

Hata kiti hakunipa. Nimerudi nyumbani Kasingirima kwa miguu. Sikutaka watu wa kwenye gari wauone uso wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Sili. Nina hasira mpaka kwenye sala. Nikisujudu namwona yeye. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji Hamisi, mdogo wa marehemu, kaja baada ya sala ya Ijumaa. Anasema mtu akidanganywa aache kazi, huyo kafukuzwa, hata kama sahihi ni yake. Kanipeleka ofisi ya usuluhishi wa mambo ya kazi.

Afisa ni kijana mstaarabu. Lakini kasema malalamiko hupelekwa ndani ya mwezi mmoja, na mimi nimechelewa sana. Wakikataa sababu yangu, basi, imeisha. Nikamwambia nilikuwa eda, sitoki nyumbani, na niliahidiwa kurudi. Kasema, "Andika hivyo hivyo, mama." Nimeandika.

Jirani ananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia. Na ofisini nitakwenda.

Jumatano, 20 Agosti

Sababu yangu ya kuchelewa imekubaliwa. Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Mwajuma ameitwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimemjua mtu.

Tulikaa meza moja, mimi na Hamisi upande huu, yeye kule na mtandio wake mpya. Afisa akaishika ile barua. Imechapishwa kwa kompyuta. Akauliza, mama huyu alikuwa ndani, ameichapisha wapi?

Mwajuma akajibu bila kupepesa: "Alitoka. Alikwenda kuchapisha kule Mwandiga. Nilimwona kwa macho yangu."

Nilihisi kama kanivua nguo mbele ya wanaume. Kazi achukue. Fidia achukue. Lakini kusema nimevunja eda ya mume wangu! Yeye Mwislamu, yeye aliyenifuta machozi! Hamisi aliinuka, nikamvuta kanzu akakaa.

Nikamwambia afisa, sitaki kusikia habari ya malipo mpaka alifute neno hilo.

Afisa hakupandisha sauti. Akamweleza Mwajuma kwamba tusipopatana hapa, shauri litasikilizwa kwa kiapo. "Utashika Msahafu, mama, uyaseme hayo hayo."

Mwajuma akaomba maji. Akanywa. Feni inazunguka. Mimi nilimtazama tu. Yeye aliitazama meza.

"Hakutoka," akasema. "Niliichapisha mimi. Nilitaka nafasi ya mtoto wa dada yangu."

Afisa akamwomba arudie, aandike. Akarudia. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi. Atanilipa fidia ya kuachishwa na haki zangu zote. Niliulizwa kama nataka kurudi jikoni kwake. Nikasema hapana.

Nje Hamisi anacheka, ananipongeza: "Shemeji, umeshinda!" Nimelia njia nzima. Afadhali angekuwa mtu nisiyemjua.

Ijumaa, 12 Septemba

Malipo yameingia. Nimetoa sadaka kwa ajili ya marehemu. Kuna shule Rusimbi inatafuta mpishi, nitakwenda kuonana nao.

Asubuhi sokoni Ujiji nilikuwa nachagua dagaa, nikasikia nyuma yangu, "Asalaam alaikum, shoga." Sauti ya Mwajuma.

Nikaitikia. Salamu huitikiwa. Alisubiri nimuulize habari za nyumbani, kama zamani.

Nilimlipa mwenye dagaa nikaenda zangu.