Springi za Nyuma

Makambako, Jumamosi, Juni 1994

Turbo ya injini aliyonifungia fundi Hamisi haina lawama. Watu walijaa nyuma ya pikapu, wamelizunguka jeneza la mke wangu Maria, na bado ilipanda milima yote hadi makaburini Mdandu bila kuchoka. Hamisi mwenyewe ndiye aliyeendesha. Mashemeji walinikataza kushika usukani, nami sikubisha.

Tangu mwaka jana tulihangaikia ulaini wa gari hili. Hamisi alipunguza vyuma vya springi za nyuma, akabadilisha shokapu, akashona kiti cha mbele kwa sponji nene, ili Maria aende kliniki Njombe bila kuumia mgongo. Haikusaidia sana. Tukifika nyumbani alicheka huku ameshika kiuno: "Baba Neema, gari lako lina mbio, ila bado linanitwanga kama mahindi."

Leo kwenye mashimo ya Mdandu halikuruka hata kidogo.

"Kaka, leo limetulia," Hamisi alisema taratibu.

Uzito wa watu ndio uliolituliza. Kumbe tungepakia magunia machache tu ya viazi, kila safari ya kliniki...

Sikulia. Watu wameona, na watasema.

Njiani nilikaa kwenye kiti cha Maria. Sikuwahi kukikalia, maana siku zote dereva nilikuwa mimi. Upande wa mlangoni sponji imebonyea sana. Huko ndiko alikokuwa akijibana kila nilipokanyaga mafuta, na hakuwahi kuniambia nipunguze.