Mwenyekiti Amekataa Kupiga Muhuri

Namakwekwe, Jumatano jioni

Na bado nimekasirika. Mwenyekiti wa kijiji amekataa kuipigia muhuri barua yetu, ile ya kuitaka serikali isimame na wanaodai silaha za nyuklia zifutwe duniani. Kesho waziri anapokea barua za wananchi Jinja, na isiyo na muhuri wa mwenyekiti hurudishwa langoni.

"Mwalimu, hiyo bomu iko kwa kijiji yangu?" aliniuliza. "Mimi napiga muhuri ya mambo ya hapa. Ng'ombe imepotea, mtu anataka pasipoti."

Nikamweleza taratibu kwamba sumu ya bomu hilo husafiri na upepo na kushuka na mvua. "Ikifika mpakani mwa kijiji chako, itasimama ikuombe muhuri?"

Akacheka. "Eh, Mwalimu! Umestaafu lakini bado unafundisha!" Muhuri ukabaki kwenye droo.

Mama Zaituni, anayeuza nyanya mlangoni pa ofisi ya mwenyekiti, alikuwa amesikia yote. "Lete hapa," alisema. "Kuandika sijui, lakini kidole iko." Akapaka wino wa kalamu yangu kwenye dole gumba, akaligandamiza mwishoni mwa barua. Wauzaji wenzake wakafuata, mmoja mmoja.

Naogopa kurudishwa. Magoti haya hayawezi safari ya Jinja mara mbili.

Lakini nitakwenda. Mlinzi akiuliza muhuri uko wapi, nitamwonyesha alama za vidole hivyo, kisha nitamweleza na yeye habari ya upepo, mpaka afungue lango.